Sauti inayopanga nyama

Mama mjamzito akipiga utrasaundi, sauti isiyosikika humwonyesha mwanawe tumboni. Sauti ya aina hiyo hiyo sasa inapanga seli hai maabara, zikae mistari mistari, zikue kuwa tishu. Mwaka 2023 watafiti wa Duke na Harvard, Marekani, waliitumia kugandisha wino maalumu ndani ya moyo wa mbuzi (ulishatolewa, usishtuke).

Wapo watakaosema wanashindana na Muumba. Mimi sioni hivyo. Seli wamezikuta hai, hata moja hawakuiumba. Kinachonisumbua ni hiki: tishu hiyo ikifika kwetu, dereva wa lori aliyeungua hapa njia panda atawekewa, au mpaka awe na bima? Wewe ungemtanguliza nani?