Mama wa babu alitoka wapi?

Muulize mzee wa huku Galula habari za ukoo wake, atakuhesabia wanaume: fulani mwana wa fulani, mpaka yule wa kwanza kuingia bonde la Songwe. Sasa muulize mama wa babu yake alikuwa nani. Hapo atakohoa. "Si alikuwa mke wa babu?" Basi. Utadhani mwanamke huyo alizaliwa siku aliyoolewa.

Kwetu yupo wa namna hiyo. Jina lake tunalo, kwao hatukujui. Nilipoanza kuuliza, shangazi alinijibu kwa swali: "Ukishajua, utamfanyia nini?"

Swali zito hilo. Mwishoni mwa karne ya 19 nchi hii iliyo kati ya Nyasa, Tanganyika na Rukwa ilikatizwa na misafara ya watumwa, na wanawake walibadilishwa kwa nguo na pembe, au wakatolewa kufidia kosa la mtu mwingine. Sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika ilikuja 1922, wengi wao wakiwa wameshakuwa bibi za watu. Kumtafutia bibi kwao, basi, kunaweza kuwa ndiyo kumrudishia jina la mjakazi, ambalo wanawe walihangaika kulizika.

Ndiyo maana namfikiria sana Chisi. Alitoka kwa Wabisa, upande wa Zambia ya leo, akatekwa akiwa mtoto na kupita mikono mingi. Elise Kootz-Kretschmer, mmishonari wa Kimoraviani wa Utengule, aliandika masimulizi yake. Mwanahistoria Marcia Wright akayatoa tena kwa Kiingereza katika kitabu cha 1993. Humo anaitwa Chisi-Ndjurisiye-Sichyajunga. Majina matatu, mtu mmoja! Ukimtafuta kwa moja tu, utampoteza njiani.

Lakini Chisi alisimulia mwenyewe. Bibi yetu alinyamaza. Je, kimya chake ni wosia, au hakuna aliyewahi kumuuliza?

Wapo wanaosema kunyamaza ndiyo heshima. Mimi naona kimya hicho kiliwafaa zaidi waliompata bila kupeleka mahari kwa baba yeyote. Mtoto akiuzwa, aibu ni ya muuzaji. Ila shangazi naye simpuuzi: anayemlinda ni mjukuu anayetafuta mchumba leo, kijiji hikihiki.

Tena kumbukumbu zenyewe ni yeye. Wamarekani weusi wana sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika kwa majina wale waliokuwa watumwa. Ukirudi nyuma, ile ya 1860 inakupa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la mwenye mali. Sisi tuna vitabu vya ubatizo vya misheni, kama alibatizwa, na vichwa vya wazee. Kichwa cha mzee hakifunguliwi kwa kitambulisho cha uandishi wa habari.

Kwa hiyo kinasa sauti nimekiacha nyumbani. Siulizi tena alinunuliwa wapi. Nauliza alipika nini, alimbembelezaje mtoto. Juzi shangazi akasema, akichambua mchele, kwamba bibi alipohesabu kuku alihesabu kwa lugha ambayo watoto waliicheka. Lugha gani, hakusema. Na jina la bibi sitaliandika hapa mpaka shangazi aniruhusu.