Uliijua Lini Nauli?

Ndugu msomaji, nikuulize swali kabla sijakusimulia yaliyonikuta. Mtu akikuambia jambo la kweli, kisha jambo la pili la kweli akalifungia mdomoni mpaka umeshanasa, je, amekudanganya? Zamani nilikuwa najibu upesi: hapana, mwenye kosa ni yule asiyeuliza. Siku hizi sijibu hivyo, na aliyenibadilisha ni mdoli.

Mpwa wangu, tunayeishi naye hapa Tanga, alikuwa anatimiza miaka 6. Nikiperuzi simu nikakuta duka moja la mtandaoni la nchi za nje linauza mdoli wa kitambaa, mzuri kweli. Bei ya zamani, shilingi 90,000, imepigwa mstari mwekundu; chini yake 45,000. Nusu bei! Nikamkimbilia mama.

"Mama, elfu arobaini na tano tu!"

Mama anauza vitumbua. Hakusema neno, akavunja kibubu. Kisha akamwita mjukuu wake na kumnong'oneza, na mtoto akaanza kurukaruka ua mzima.

Usiku, nilipofika ukurasa wa mwisho wa kulipia, ndipo nilipoiona nauli ya mzigo: 68,000. Nikashika kichwa. Mdoli wenyewe haufiki hata kilo moja! Kumbe mzigo wa ndege hautozwi kwa mizani peke yake. Wasafirishaji wengi huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, halafu hugawa kwa 5,000. Jibu likizidi kilo za mizani, unalipia lile jibu. Boksi langu lilikuwa 40 kwa 25 kwa 20, yaani kilo 4, na kila kilo 17,000. Basi nilikuwa nalipia hewa. Lakini kwa hilo siwalaumu, maana ndani ya ndege nafasi ndiyo inayouzwa, na midoli ni myepesi lakini inajaza mahali.

Jumla ikawa 113,000. Punguzo limenipitisha hata ile bei ya zamani! Pembeni duka likanibembeleza: nunua vitu vya 200,000, nauli bure. Bure ya nani? Rubani halipwi kwa asante. Nauli imeshatiwa ndani ya bei za hivyo vitu vingine.

Mwenye duka anaweza kujitetea: nitajuaje kama uko Tanga au London? Ni haki yake. Lakini si angeniuliza mlangoni, badala ya kungoja nifike kwenye kulipa? Muuzaji wa Kariakoo naye hutaja bei ya juu, ila wote wawili tunajua kwamba hapo maneno ndiyo kwanza yanaanza. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 28 Mei 2022, wanataka duka likitangaza punguzo lioneshe bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizotangulia. Na Uingereza, tangu Aprili 2025, sheria inataka ada asizoweza kuzikwepa mnunuzi zitajwe tangu mwanzo. Naam, wameona kwamba ukweli nao una wakati wake.

Sasa nije kwangu, maana kumnyooshea kidole mwenye duka ni kazi rahisi. Usiku ule ule ningeweza kumwamsha mama nikamwambia yote. Sikumwamsha. Asubuhi nikasema, "Mama, kuna kanauli kidogo," nikachukua 20,000. Baada ya siku tatu nikarudi kuomba 48,000. Hakuwa na namna, mtoto alishaahidiwa. Akatoa pesa ya mchele wa vitumbua, na juma zima akawa anapika nusu ya kawaida yake.

Sikutamka uongo hata mmoja. Bei ilikuwa 45,000, kweli. Nauli ilikuwepo, kweli. Lakini nilizipanga kweli zangu kama alivyozipanga yule mwenye duka, tena mimi bila kisingizio chake, maana nilijua fika mama anaishi wapi na kibubu chake kina nini.

Mdoli umefika, mtoto analala nao. Utasema basi, mambo yameisha vizuri. Hapana, ndugu yangu. Naamini sasa kwamba bei ya kweli ni ile unayoitaja wakati mwenzio bado ana nafasi ya kusema hapana. Ukingoja mpaka afungwe na ahadi, hata ukitaja senti zote sawasawa, umeshamwibia hiyo nafasi.

Juzi, akiwa jikoni, mama aliniuliza bila kunitazama:

"Mwanangu, ile nauli uliijua lini?"

"Usiku ule ule, Mama."

Akageuza kitumbua upande wa pili, akaniambia nilete sahani.