Anayelipia Dhana

Mwanahisabati anaruhusiwa jambo ambalo mtu mwingine akilifanya tutamwita mzembe: kulikubali neno asilojua kama ni kweli, wakati mwingine hata analojua fika kuwa si kweli, kisha kujenga juu yake. Uthibitisho wa Euclid kwamba namba tasa hazina mwisho, jinsi unavyofundishwa mara nyingi, huanza hivyo. Tuseme zina mwisho. Tuziandike zote, tuzizidishe kwa pamoja, tuongeze moja. Namba tuliyoipata haigawanyiki kwa yoyote iliyo kwenye orodha, hivyo lazima kuwe na namba tasa nyingine nje ya orodha tuliyosema imekamilika. Dhana imeanguka. Ililetwa ili ianguke, na kuanguka kwake hakukumgharimu mtu wala mnyama chochote.

Uhuru huo ndio ninaoutafakari hapa, kwa sababu umesafiri. Umetoka kwenye karatasi za wanahisabati ukaingia katika ikolojia, na kutoka ikolojia ukafika kwenye meza za wanaoamua mpaka wa hifadhi upite wapi na nani ahame. Katika hisabati tupu kila kauli hutembea na sharti lake: ikiwa hili ni kweli, basi na lile ni kweli. Hakuna anayeahidi kwamba hili ni kweli. Porini sharti huelekea kudondoka njiani. Hubaki lile jibu peke yake, likiheshimiwa kama hesabu iliyokamilika, na deni la sharti lililosahaulika humwangukia mtu au mnyama ambaye hakuwepo wakati wa kukopa.

Sisemi kwamba dhana ya uongo haifai. G. H. Hardy, mwanahisabati wa Uingereza, alijivunia katika kitabu chake cha mwaka 1940, A Mathematician's Apology, kwamba kazi zake hazikuwa na manufaa yoyote ya vitendo. Lakini mwaka 1908 alikuwa ameandika barua fupi katika jarida la Science, akijibu swali aliloletewa na mwanabiolojia R. C. Punnett, na barua hiyo imekuwa msingi wa jenetiki ya makundi ya viumbe. Daktari Mjerumani, Wilhelm Weinberg, alifikia jambo hilohilo mwaka huohuo. Inasema hivi: kama kundi ni kubwa lisilo na kikomo, kila kiumbe kinazaa na yeyote kwa bahati tu, hakuna anayehamia wala anayechujwa, basi uwiano wa vinasaba hubaki vilevile kizazi baada ya kizazi. Kundi la namna hiyo halijawahi kuwepo duniani. Katika kreta ya Ngorongoro, mwaka 1962, inzi wanaouma walifurika baada ya mvua nyingi wakawadhoofisha simba hadi wakabaki kama kumi hivi. Kumi ndio waliokuwa “kundi lisilo na kikomo” la pale. Baadaye watafiti walilinganisha damu ya simba wa kreta na ya wenzao wa Serengeti, wakakuta wale wa kreta wana uanuwai mdogo zaidi wa vinasaba, kwa kuwa wametokana na wazazi wachache mno.

Hardy hakuwadanganya watafiti hao. Kwa sababu masharti ya kanuni yake yameandikwa wazi, mjenetiki anajua hali ingekuwaje kama yangetimia, na umbali kati ya hapo na anachokikuta kwenye damu humwambia ni sharti lipi limevunjika na kwa kiasi gani. Dhana ya uongo inayokaa mbele ya macho ni chombo cha kupimia. Hatari huanza inapokaa nyuma ya mgongo.

Mwaka 1972 Robert May, mwanafizikia wa Australia aliyekuwa amegeukia ikolojia, alichapisha makala ya kurasa mbili katika Nature yenye swali moja: mfumo mkubwa, wenye viungo vingi, utakuwa tulivu? Tangu miaka ya 1950, kwa maandishi ya Charles Elton na Robert MacArthur, wanaikolojia wengi waliamini kwamba kadiri aina za viumbe zinavyokuwa nyingi na kadiri zinavyofungamana, ndivyo mazingira yanavyozidi kuwa imara. May alichukua jedwali la namba, lile ambalo wanahisabati huliita matriki, ambamo kila chumba kinaonyesha jinsi aina moja inavyoiathiri nyingine, akalijaza kwa bahati nasibu. Nadharia ya majedwali ya aina hiyo ilikuwa imekuzwa na Eugene Wigner ili kuelewa viini vizito vya atomu kama vya urani. Jibu lilikwenda kinyume na imani ya wengi. Zidisha idadi ya aina kwa sehemu ya jozi zilizofungamana, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa nguvu ya kawaida ya mafungamano hayo: ukivuka moja, kwa vipimo alivyovichagua, mfumo karibu kwa hakika utavurugika. Wingi peke yake hauleti uimara.

Mwaka huohuo, katika Taasisi ya Masomo ya Juu huko Princeton, Hugh Montgomery alimweleza Freeman Dyson wakati wa chai kuhusu jambo aliloliona katika nafasi kati ya sufuri za fomula ya Riemann, fomula ambayo ndani yake imejificha siri ya jinsi namba tasa zinavyosambaa. Dyson alilitambua papo hapo: lilikuwa lilelile linalotokea katika majedwali ya bahati nasibu. Kwa hiyo ukoo mmoja wa majedwali unasema jambo juu ya urani, juu ya namba tasa za Euclid, na juu ya simba, swala na nyasi. Nikiliwaza hili napata mshangao ambao sitaki kuuficha. Kwamba akili ya binadamu, ikiacha kando harufu, rangi, uzito na jina la kila kitu, inaweza kukuta umbo moja chini ya mambo yasiyojuana kabisa, ni moja ya sababu zinazonifanya niiheshimu hisabati tupu bila kuitaka inilishe.

Lakini uzuri huu ndio unaolewesha. Aliyevutwa na umbo huelekea kusahau kwamba May alijaza vyumba vyake kwa bahati nasibu, na hakuna mbuga iliyojazwa hivyo. May mwenyewe hakusahau. Kama mifumo ya nasibu huvurugika na ya kweli ikadumu, basi ya kweli ina mpangilio fulani, na kazi ni kuutafuta. Samuel McNaughton, aliyetafiti nyasi za Serengeti, alijibu mwaka 1977 kwa vipimo vya uwandani: sehemu zenye mchanganyiko mkubwa wa nyasi zilistahimili malisho kuliko zile zenye aina chache. Wengine walisoma jibu hilo kama pigo kwa May. Mimi silioni hivyo. May alisema “ikiwa”, na McNaughton akaenda kuangalia kama ndivyo. Kati yao hakuna aliyeacha deni kwa mwingine.

Serengeti hiyohiyo ina kisa kingine, na hapo deni lilibaki. Karibu mwaka 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki. Iliua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi usiosimulika, na Wamaasai wakaingia katika njaa iliyowavunjavunja. Ugonjwa haukuondoka, kwa miongo kadhaa uliendelea kuua ndama wa nyumbu wa umri wa mwaka mmoja hivi. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walizunguka kwa ndege ndogo wakahesabu nyumbu karibu laki moja. Januari 1959 ndege ilianguka na Michael akafa. Mwaka 1961 hesabu nyingine ilitoa zaidi kidogo ya robo milioni. Juu ya hesabu za namna hii zilikaa dhana mbili ambazo hazikuandikwa kama masharti. Ya kwanza: hawa waliopo ndio kipimo cha kawaida cha mbuga. Ya pili: wanyamapori na mifugo ni madaftari mawili, na kulinda moja ni kulitenga na jingine. Mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti walihamishiwa upande wa Ngorongoro, na ng'ombe wao pamoja nao.

Wakati huo, katika maabara ya Muguga nchini Kenya, Walter Plowright na wenzake walikuwa wakitengeneza chanjo bora ya sotoka kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka mbuga walichanjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu. Hakuna aliyewachanja nyumbu hata mmoja. Ikaonekana kwamba nyumbu hawakuwa na uwezo wa kuendeleza virusi wao wenyewe. Walikuwa wakiambukizwa kutoka kwa mifugo. Ndama wakaanza kuishi, na kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa wamevuka milioni moja na laki tatu. Nyasi zililiwa zaidi, moto ukakosa cha kuunguza, miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Robo milioni ile haikuwa kawaida ya Serengeti. Ilikuwa picha ya mgonjwa.

Tazama dhana zilivyokaa. Mpaka uliochorwa kati ya ng'ombe na nyumbu ulikuwa kitendo cha kuacha kando, kama May alivyoacha kando harufu na rangi, lakini hakuna aliyeuandika kuwa ni sharti. Virusi havikuutambua. Mnyama aliyehesabiwa kuwa tishio kwa mbuga ndiye ambaye kinga yake iliirudisha mbuga hai, na waliompeleka kwenye sindano ni wafugaji, watu walewale ambao hesabu ya uhifadhi iliwaweka nje ya jibu. Naamini uhifadhi wetu haujalilipa deni hilo, na kwamba kila mazungumzo ya leo kuhusu watu wa Ngorongoro na wa vijiji vya pembezoni mwa hifadhi hufanyika juu yake, watake wasitake wanaozungumza.

Kuna watakaosema tuache basi hesabu, tuwasikilize wanaoishi na wanyama. Siwezi kukubali. Mali bila daftari hupotea bila habari, na tembo wetu walipotea kwa kasi ambayo kijiji kimoja pekee kisingeweza kuiona yote: nchini Tanzania walishuka kutoka kiasi cha 109,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014. Bila sensa ya angani ukubwa wa msiba ule usingejulikana. Ndege hupita kwa mistari sambamba, chini chini, na fimbo mbili zilizofungwa kwenye nguzo ya bawa humwekea mhesabuji ukanda wa kuangalia. Asichokiona katika ukanda hakihesabiwi. Kanuni za G. M. Jolly za mwaka 1969 hukuza kile kilichoonekana kuwa makadirio ya eneo zima, pamoja na kipimo cha shaka. Kipimo hicho cha shaka ndicho sharti la hisabati likiwa limevuka salama hadi porini. Kwa macho yangu ndicho sehemu yenye adabu kuliko zote katika ripoti, na ndicho hukatwa kwanza namba inapopelekwa kwenye mkutano wa waandishi wa habari.

Katika mfumo wa Ruaha-Rungwa sensa ya 2013 ilikadiria tembo zaidi ya 20,000. Ya 2014, kidogo juu ya 8,000. Iliyorudiwa 2015, karibu 16,000. Tembo hubeba mimba miezi 22. Hawawezi kuzaliana hivyo kwa mwaka mmoja. Aliyeshika namba ya kwanza na ya pili bila kipimo cha shaka aliona maangamizi ya ghafla, na aliyeshika ya pili na ya tatu aliona ufufuo. Tembo wenyewe walikuwa wakihama, wakijificha chini ya miti, na pia wakiuawa kweli. Askari wa wanyamapori aliyetumwa doria hakuwa na nafasi ya kusubiri wabishi wamalize.

Sasa suala limerudi kwa nyumbu. Mwaka 2025 watafiti walitangaza matokeo ya kuwahesabu katika picha za setelaiti za 2022 na 2023 kwa msaada wa programu zilizofunzwa kutambua mnyama mmoja mmoja. Walipata chini ya 600,000, wakati namba inayotajwa kwa miongo ni 1,300,000 hivi. Njia ya zamani hukuza kutoka vipande vya mbuga, nayo hutegemea kwamba makundi yanayosongamana hayajaipotosha sampuli. Njia mpya huangalia eneo kubwa kwa mara moja, nayo hutegemea kwamba walio chini ya miti na nje ya picha si wengi. Ukame wa 1993 uliwashusha nyumbu hadi chini ya milioni, na utafiti wa Simon Mduma na wenzake wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kinachowadhibiti ni chakula cha kiangazi. Kwa hiyo kama nusu yao hawapo, lazima tuulize majani yao ya kiangazi yamekwenda wapi, na ni uzio upi au shamba lipi limewafungia njia upande wa Mara. Kama wapo na hawajaonekana, tunaweza kuwafungia wafugaji malisho kwa hofu isiyo na msingi. Namba hizo mbili zinapaswa kuchapishwa kwenye ukurasa mmoja, kila moja na masharti yake kwa Kiswahili kinachosomeka Loliondo na Serengeti Magharibi, kabla hakijasainiwa chochote.