Nani Ameharibu, au Nini Kimeharibika?

Kitu kinapoharibika mbele ya watu, maswali mawili hutujia mdomoni: nani ameharibu, na nini kimeharibika? Katika Kiswahili maneno hayo mawili ya kuulizia yametenganishwa na irabu moja tu, na huenda ndiyo maana tunatoka kwenye moja na kuingia kwenye jingine bila kutambua kwamba tumebadilisha swali. La kwanza linatafuta mtu. La pili linatafuta sababu. Katika insha hii nataka kujadili ni lipi linalopaswa kutangulia, na kuonyesha kwamba anayeanza na "nani" anaweza kumdhulumu mwenzake hata kama hana nia mbaya. Mfano wangu nitauchukua mahali ambapo wengi hawatarajii kukuta suala la maadili: kwenye bodi mama ya kompyuta ya zamani iliyokataa kuwaka.

Kwanza nieleze kwa ufupi jinsi kompyuta ya namna hiyo inavyoamka. Bodi mama ni ubao mpana ambao juu yake vipande vyote hukutana: prosesa, kumbukumbu, kadi ya picha, soketi ya kibodi na vinginevyo. Ukibonyeza swichi ya kompyuta iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mambo hufuatana kwa utaratibu. Kisanduku cha umeme hutoa volti 5 na volti 12, na kikijiridhisha kwamba umeme umetulia hupeleka kwenye bodi ishara ya kusema kwamba umeme ni mzuri. Ishara hiyo isipofika, prosesa huzuiwa isianze kazi. Ikifika, prosesa huachiwa, nayo huenda moja kwa moja kusoma amri za kwanza zilizohifadhiwa ndani ya chipu ya BIOS. Amri hizo hukagua bodi hatua kwa hatua, na baada ya ukaguzi mwingi ndipo maandishi hutokea kwenye skrini.

Kwa hiyo skrini ni kama mtu wa mwisho katika foleni ndefu. Ikibaki nyeusi, tunajua tu kwamba mahali fulani nyuma yake kuna aliyekwama. Ndiyo sababu watengenezaji waliweka njia nyingine za kuongea. Kwenye bodi nyingi zenye BIOS ya AMI, milio mitatu ya spika hueleza kwamba kuna hitilafu katika kilobaiti 64 za kwanza za kumbukumbu, na milio minane hueleza kwamba tatizo liko kwenye kadi ya picha. Hata pasipo mlio, kuna kadi ndogo ya kupimia ambayo fundi huichomeka kwenye bodi, nayo huonyesha tarakimu mbili kwa kila hatua ambayo ukaguzi umefika. Bodi tunayoiita bubu inaweza kuwa inasema mengi, ila sisi tumezoea kutazama skrini peke yake.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Katika chuo kimoja hapa Uganda, ambacho sitakitaja, idara moja ilikuwa na kompyuta ya aina ya 386. Iliwekwa kwa kazi moja tu: kusoma disketi za inchi 5.25 zenye hadithi na methali ambazo wanafunzi wa zamani walizikusanya vijijini. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuzinakili kabla disketi hazijaoza. Asubuhi moja mwenzetu wa mwaka wa kwanza alibonyeza swichi. Feni ikazunguka, lakini skrini ikabaki nyeusi na spika ikabaki kimya. Kufikia saa nne hukumu ilikuwa imeshatoka: yeye ndiye wa mwisho kuigusa, basi yeye ndiye aliyeiharibu. Aliambiwa alipe gharama, na kwamba bila risiti ya malipo hataingia kwenye chumba cha mtihani. Mama yake huuza ndizi sokoni. Hadi wakati huo hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amefungua sanduku la kompyuta ile.

Siku tatu baadaye aliitwa mzee mmoja, fundi wa redio na televisheni mjini, nami nikapewa kazi ya kumshikia taa. Jambo nililolitambua upesi ni kwamba mzee hakuuliza nani aliigusa. Alipima umeme: volti 5 zilikuwapo, na volti 12 zilikuwapo. Alitoa kadi zote zisizo za lazima, akawasha tena. Kimya. Alichomeka kadi ya kupimia, na tarakimu hazikubadilika hata mara moja. "Huyu hajaamka kabisa," alisema. Maana yake ni kwamba prosesa ilikuwa haijasoma hata amri ya kwanza.

Ndipo alipoelekeza taa kwenye kona ya bodi, karibu na soketi ya kibodi. Palikuwa na betri ndogo mfano wa pipa, ya nikeli na kadimiamu, yenye volti 3.6, iliyolehemewa moja kwa moja kwenye bodi. Kazi yake ni kuifanya saa ya kompyuta isisimame na mipangilio isipotee umeme unapozimwa. Betri za namna hii zikizeeka huvuja. Majimaji yake hutambaa juu ya bodi polepole na kula njia za shaba zinazopitisha ishara. Mahali pale palikuwa na ukoko wa kijani na mweupe. Mzee alipima njia moja baada ya nyingine kwa ncha za mita yake, hadi akaifikia ile inayopeleka ishara ya umeme mzuri. Ilikuwa imekatika chini ya ukoko. Kikulacho ki nguoni mwako: betri iliyowekwa kuitunza bodi ndiyo iliyokuwa ikiila.

Aliikata betri, akasugua mahali pale kwa siki ili kuua ule ualikali, akasafisha kwa spiriti, kisha akalehemu uzi mwembamba wa waya kuunganisha pale palipokatika. Swichi ikabonyezwa. Tarakimu kwenye kadi zikaanza kukimbia, na baada ya muda mfupi skrini ikaonyesha kumbukumbu zikihesabiwa. Bodi ililalamika tu kwamba mipangilio yake imepotea. Kutu ile haikuwa kazi ya asubuhi moja. Bandu bandu huisha gogo, na gogo hili lilikuwa limebanduliwa kwa miaka mingi kabla mwenzetu hajafika chuoni.

Je, waliomhukumu walikosea wapi? Mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, aliyezaliwa mwaka 1711, alifundisha kwamba macho yetu hayaoni usababishi wenyewe. Tunachoona ni jambo moja likifuatwa na jingine, na mazoea ndiyo hutufanya tuyafunge pamoja. Mwenzetu alibonyeza swichi, kompyuta haikuwaka. Kilichoonekana ni mfuatano tu. Waliobaki waliongeza "kwa sababu" kutoka vichwani mwao. Lakini baada ya jambo hili si lazima iwe kwa sababu ya jambo hili. Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, na hakuna anayemshukuru jogoo kwa mchana.

Hata hivyo, nadhani kosa lina mizizi mirefu zaidi. Mwaka 1937 E. E. Evans-Pritchard alichapisha kitabu kuhusu Wazande, ambao leo wanaishi Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Anaeleza kwamba ghala la nafaka likiwaangukia watu waliokaa kivulini mwake, Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa walikula nguzo. Swali lao ni jingine: kwa nini lianguke saa ileile watu hawa walipokuwa chini yake? Na jibu hutafutwa kwa mtu, yaani mchawi. Wasomi wengine wamewacheka Wazande kwa hilo. Mimi siwacheki, maana angalau walianza kwa kukubali kwamba mchwa wapo. Katika idara ile watu wenye shahada waliruka mchwa, wakaenda moja kwa moja kwa mtu.

Swali la Wazande, kwa nini leo na kwa nini mkononi mwa huyu, lina jibu lisilohitaji mchawi wala mkosaji. Hitilafu iliyojificha haiwezi kujulikana mpaka mtu aitumie mashine. Njia ya shaba inaweza kukatika usiku wakati hakuna mtu, lakini itagunduliwa asubuhi na yule anayebonyeza swichi. Hivyo kila hitilafu lazima iwe na mgunduzi, na mgunduzi lazima awe mtu wa mwisho kugusa. Ukimtazama kwa mbali, mgunduzi na mkosaji wanafanana kabisa. Hakuna njia ya kuwatofautisha isipokuwa kufungua sanduku na kupima.

Hapa ndipo ninapoliona suala la haki. Jamii inayomwadhibu wa mwisho kugusa huwaadhibu wagunduzi wake. Karani anayekuta hesabu za ofisi zina pengo, muuguzi anayekuta dawa zimeisha muda, dereva ambaye breki zinamkatikia mkononi: wote hawa wakijua kwamba wataulizwa "umefanya nini?" kabla ya kuulizwa "umeona nini?", watajifunza kunyamaza. Na kutu itaendelea kula.

Kuna mfano mzuri wa utaratibu tofauti. Tarehe 9 Septemba 1947, waendeshaji wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitafuta kilichoisumbua mashine yao wakamkuta nondo amekwama ndani ya rilei. Walimbandika nondo yule kwenye daftari la kazi na kuandika alipopatikana: rilei namba 70, paneli F. Ukurasa huo umehifadhiwa hadi leo. Waliandika mahali na wakaweka ushahidi. Huo ndio ninaouita uaminifu wa swali la "nini".

Msomaji anaweza kunipinga kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba nikifuata njia hii hakuna atakayewajibika kamwe, maana kila uharibifu utatupiwa betri na mchwa. Sivyo. Sikusema swali la "nani" lifutwe, nimesema lisubiri zamu yake. Tukishajua kwamba betri ilivuja, tunaweza kuuliza vizuri zaidi: nani alikuwa na jukumu la kuitunza? Nani aliweza kuifungua na kuikagua, na hakufanya hivyo? Mtengenezaji alilehemu betri ambayo hakutarajia ikae miongo mitatu. Waliokaa na mashine kwa miaka hiyo yote hawakuitazama ndani. Wajibu upo, lakini umekaa mahali tofauti na pale ulipotupwa siku ya kwanza. Na mara nyingi ukifuata "nini" kwa uaminifu, "nani" unayemkuta ana cheo kikubwa kuliko yule uliyeanza kumshuku. Nashuku hii ni sababu mojawapo ya watu kutopenda kupima.

Hoja ya pili ni kwamba hata mafundi hushuku kabla ya kujua. Wakiona kapasita iliyovimba huibadilisha, na mara nyingine huchomoa kipande kizima kwa kubahatisha. Ni kweli, na kwa mashine si dhambi. Kumtoa mshukiwa na kuona kama hali inabadilika ni njia halali ya kupima. Lakini kapasita iliyotolewa bila kosa haina mama wa kuilia. Unaweza kuirudisha mahali pake na haitakumbuka kitu. Mtu hukumbuka. Kubahatisha kunakokubalika mezani kwa fundi hakukubaliki tunapomshuku binadamu, kwa sababu kwake kipimo chenyewe ni adhabu.

Deni la mwenzetu lilifutwa, naye akafanya mtihani. Hakuna barua ya kumtaka radhi iliyoandikwa, na mpaka ninapoandika insha hii hajaigusa tena kompyuta yoyote ya idara. Disketi zilizobaki tulizinakili sisi wengine. Mzee alirekebisha bodi kwa saa mbili na uzi wa waya usiozidi urefu wa kidole. Kilichokatika kwa yule kijana hakina mita ya kukipima.

Kwa kuhitimisha, ninaona kwamba kutanguliza "nini" ni zaidi ya ustadi wa ufundi. Ni deni tunalodaiana sisi kwa sisi. Anayesema "huyu ndiye" anapaswa kwanza awe amefungua sanduku, na awe tayari kutuonyesha nondo wake au kutu yake. Asipoweza, anyamaze kidogo na atafute mita. Wahenga walituambia mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mimi ningeomba tuanze na haki yake, kwa kuwa mara nyingi tukishaipima vizuri tutakuta hakuna haja ya kumnyonga.