Sekunde 6 za sifa, miaka 6 ya kifungo

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na masahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, vijana wetu wengi leo ukiwauliza wanataka nini, watakwambia wanataka kujulikana. Kujulikana kwa lipi? Hapo hawana jibu. Muhimu kwao ni video isambae na watazamaji wahesabike kwa mamilioni. Nimeona tulitazame tukio moja la kweli, kisha tulipime kwa mizani ya dini yetu.

Mwaka 2014 kijana wa miaka 19 kutoka Brooklyn, New York, Ackquille Pollard, maarufu kwa jina la Bobby Shmurda, alitoa video ya wimbo wa kufokafoka. Ndani yake alirusha kofia juu, akacheza. Watu wakakikata kipande kile na kukitia katika mtandao wa Vine, ambao video zake hazikuzidi sekunde 6. Kikaenea dunia nzima. Hata mwanamuziki Beyoncé akaonekana jukwaani akiiga mtindo ule. Kampuni ya Epic Records ikampa mkataba, na wimbo ukafika nafasi ya 6 katika chati ya Billboard.

Disemba ya mwaka ule ule alikamatwa na polisi mjini New York, pamoja na wenzake. Dhamana ikawekwa dola milioni 2. Mwaka 2016 alikiri makosa ya kula njama na kumiliki silaha, akahukumiwa miaka 7. Alitoka Februari 2021. Vine yenyewe ilifungwa Januari 2017, yeye akiwa bado gerezani. Mtandao uliompandisha ulikufa kabla hajatoka.

Simtaji kumcheka. Ni kijana wa watu, na kifungo chake amekitumikia. Namtaja ili tuzingatie.

Kwanza, ulimi. Polisi walisema maneno ya nyimbo zake yalifanana na matukio ya kweli. Waliomtetea walisema muziki ni sanaa tu. Allah (S.W), katika Surat Shu'araa aya ya 224 hadi 227, ametueleza kuhusu washairi wanaosema wasiyoyatenda, kisha akawavua walioamini na kutenda mema. Kwa hiyo kipaji si dhambi. Hassan bin Thabit (R.A) alikuwa mshairi wa Mtume (S.A.W). Na hapa pwani yetu Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akiionya nafsi yake isihadaike na dunia. Swali ni moja: ulimi wako unautumia kwa lipi? Surat Qaaf aya ya 18 inatukumbusha kuwa kila neno lina mwandishi wake.

Pili, sisi tunaosambaza. Mamilioni walicheka, wakaiga, wakawatumia wenzao, kisha wakaendelea na shughuli zao. Hakuna hata mmoja aliyekwenda naye selo. Lakini je, mbele ya Allah tutasalimika? Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa mwenye kuanzisha mwenendo mbaya hubeba dhambi yake na ya wanaomfuata, bila ya wao kupunguziwa chochote. Leo mtu hufa, akazikwa, na video yake ikaendelea kutazamwa. Kabla hujabofya, jiulize kama ungependa kuikuta video hiyo katika daftari lako siku ya Kiyama.

Tatu, tusidhani maradhi haya ni ya wasanii peke yao. Tunaona misaada ikitolewa huku uso wa yatima umeelekezwa kwenye kamera. Tunaona msomaji wa Qur'an akihesabu watazamaji. Mtume (S.A.W) ametutahadharisha juu ya watu watatu watakaoanza kuhukumiwa na kutupwa Motoni: shahidi, mwanachuoni na mtoa sadaka. Amali zao zilikuwa kubwa, lakini walizifanya ili watu waseme. Na watu walisema. Malipo yao wakawa wameshayachukua hapa hapa duniani.

Basi tufanye nini? Kumnyang'anya kijana simu hakutoshi. Vijana wana njaa ya kuonekana, na sisi wazazi na walimu hatuwaoni. Mtoto mwenye sauti nzuri akija msikitini, hukaripiwa arudi safu ya nyuma. Mtaani hushangiliwa. Unadhani atakwenda wapi? Mpe nafasi ya kuadhini. Msifu anapoamka alfajiri bila kuamshwa. Kijana anayethaminiwa nyumbani kwake hatakuwa na kiu kubwa ya kusifiwa na watu asiowajua.

Tuwafundishe pia kuwa, katika mapokezi ya Bukhari na Muslim, Allah akimpenda mja humwita Jibril (A.S), naye akawatangazia walio mbinguni, kisha mja huyo akawekewa kukubalika ardhini. Huko ndiko kujulikana kwa kweli, na hakuzimwi mtandao ukifungwa.

Ewe Mola wetu, zihifadhi ndimi zetu na vizazi vyetu, na utakase nia zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.