Penye Nia, Njia ni Deni la Nani?

Kuna methali mbili tatu ambazo Mkenya akiishiwa na la kusema huzitoa mfukoni kama chenji. Moja ni hii: penye nia pana njia. Utaisikia kwa mwalimu mkuu siku ya matokeo, utaisikia kwa pasta, na utaisikia bila kukosa mtu akisema anataka kuacha sigara. "Kwani ni ngumu? Amua tu." Halafu aliyesema hivyo anaendelea na chai yake.

Hiyo "amua tu" inasikika kama ushauri, lakini mimi naona ni namna ya kumaliza mazungumzo. Kama kuacha ni suala la kuamua, basi ambaye hajaacha hajaamua. Na kama hajaamua, sisi wengine hatudaiwi chochote. Swali langu ni hilo: je, tunadaiwa?

Tuanze na nia yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa 2014 kuhusu matumizi ya tumbaku ulikadiria kwamba Wakenya milioni 2.5 hutumia tumbaku, yaani asilimia 11.6 ya watu wazima. Wavutaji wengi walioulizwa walisema wanapanga kuacha au wanafikiria kuacha. Kwa hivyo nia ipo, tena tele. Shirika la Afya Duniani nalo linasema kwamba kati ya majaribio 100 ya kuacha bila msaada wowote, ni kama 4 tu yanayofaulu. Ukiambiwa hayo ni matokeo ya mtihani wa shule fulani, hutasema wanafunzi 96 hawana nia. Utauliza walimu walikuwa wapi.

"Lakini babu yangu aliacha siku moja." Najua. Kila familia ina babu wa aina hiyo: aliokoka Jumapili, akatupa pakiti chooni, na hakugusa tena hadi kaburini. Sitaki kumpokonya sifa zake. Ukweli ni kwamba watu wengi walioacha sigara duniani waliacha bila dawa wala mshauri, kwa sababu wengi wanaojaribu hawana hivyo vitu. Shida ni kwamba babu ndiye anayesimulia. Wajomba watatu waliojaribu wakashindwa hawaitwi mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Tunawasikia waliovuka mto, halafu tunasema mto si wa kina.

Mwaka 1971 mwanafalsafa Mmarekani Harry Frankfurt aliandika makala kuhusu uhuru wa nia. Alitenganisha mambo mawili: kutaka kitu, na kutaka kukitaka. Binadamu, alisema, anaweza kuyatazama matamanio yake mwenyewe na kusema, hili silitaki liniongoze. Mfano wake mmoja ni mraibu asiyependa uraibu wake. Anatumia dawa, na wakati huo huo anachukia kwamba hamu ya dawa ndiyo inayoshinda ndani yake. Mtu kama huyo hajapungukiwa na uamuzi. Ameamua kitambo. Kinachokosekana ni daraja kati ya uamuzi wake na mkono wake.

Mchukue soja wa geti lolote mtaani. Anaingia kazini saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Sigara ndiyo saa yake, ndiyo jiko lake, ndiyo mwenzake wa kupiga naye story. Nikotini huchukua sekunde chache kufika kwenye ubongo, na baada ya saa mbili hivi nusu yake imeshatoka kwenye damu, ndiyo maana mwili unabisha hodi tena na tena usiku kucha. Akiacha, siku za kwanza ndizo mbaya zaidi: hasira za bure, usingizi wa vipande vipande, akili isiyotulia, njaa isiyoisha. Pwani wana jina la hali hii kwa wanaotumia heroini: arosto. Ya sigara haimwangushi mtu chini vile, lakini ni arosto. Na kila jioni akienda kazini anapita kioski ambapo kiberiti kimening'inizwa kwa kamba na fegi inauzwa moja moja, ingawa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilikataza kuuza hivyo. Mwambie sasa: amua tu.

Njia zenyewe si siri. Kuna plasta ya nikotini, unabandika kwenye ngozi na inatoa nikotini polepole. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na ya miligramu 21, halafu 14, halafu 7, hadi wiki kadhaa baadaye hana haja nayo. Kuna chingamu ya nikotini, ambayo wengi husema haifanyi kazi kwa sababu waliitafuna kama Big G. Hii inatafunwa taratibu hadi uhisi muwasho, kisha unaiweka kati ya shavu na ufizi, unangoja, unatafuna tena, kwa kama nusu saa, bila chai wala soda karibu. Plasta na chingamu pamoja husaidia kuliko kimoja peke yake. Kuna vidonge visivyo na nikotini, bupropioni na varenikilini, ambavyo lazima upitie kwa daktari. Na kuna kuongea na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Shirika la Afya Duniani liliweka dawa za nikotini kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, likaongeza hivyo vidonge viwili mwaka 2021, na Julai 2024 likatoa mwongozo wake wa kwanza wa kutibu watu wazima wanaoacha tumbaku. Ushauri na dawa vinaweza kuongeza maradufu uwezekano wa kufaulu.

Hapa ndipo mtu anauliza: si hiyo ni kubadilisha uraibu mmoja kwa mwingine? Aliyeacha kwa plasta, ameacha kweli?

Nikotini ndiyo inayomfunga mtu, lakini kinachomuua mvutaji kwa sehemu kubwa ni moshi: lami, kaboni monoksidi na sumu nyingine zinazotoka tumbaku ikiungua. Plasta inampa mwili kile kidogo unacholilia, bila moshi, na kwa kipimo kinachopungua. Sisi Wakenya tayari tumeikubali hoja hii kwa dawa nzito zaidi. Tangu mwisho wa 2014 hospitali ya Mathari, Nairobi, imekuwa ikiwapa methadoni watu wanaoacha heroini, na mwaka uliofuata Malindi ikaanza. Hakuna daktari pale anayemwambia mtu aende nyumbani akaamue. Basi kwa nini wa heroini apewe daraja, na wa sigara apewe methali? Nadhani ni kwa sababu sigara ni halali, na inaua taratibu kiasi kwamba kelele hazisikiki.

Hoja ngumu zaidi ni hii: alijitakia. Kwa nini pesa zangu zimsaidie mtu kutoka kwenye shimo aliloingia kwa miguu yake?

Kwanza, tazama aliingia akiwa na miaka mingapi. Wengi huanza wakiwa vijana wadogo, umri ambao hatumruhusu mtu kupiga kura wala kusaini mkataba. Pili, hatutumii kanuni hiyo popote pengine. Abiria wa boda aliyekataa kuvaa helmeti anashonwa kichwa kama wengine. Tatu, serikali inakata ushuru kwa kila fegi, kwa hivyo kila mtu anayeshindwa kuacha anaendelea kulipa. Kupokea pesa za udhaifu wa mtu huku ukimhubiria kuhusu udhaifu huo ni jambo ambalo sioni jinsi ya kulitetea.

Tena sheria yetu ilishalijibu swali. Ile sheria ya 2007 iliunda Hazina ya Kudhibiti Tumbaku, na moja ya kazi zake ni kukuza mipango ya kuwasaidia watu kuacha. Kanuni za 2014 zikasema watengenezaji na waagizaji wachangie asilimia 2. Kesi ikapigwa mahakama hadi mahakama, na Novemba 2019 Mahakama ya Juu ikazikubali kanuni hizo. Kwa karatasi, basi, njia ni deni. Lakini ingia duka la dawa la mtaani uulize plasta ya nikotini. Mara kadhaa nimeuliza, na nimeonyeshwa plasta ya kidonda.

Sitaki kudanganya kwamba msaada unamaliza kazi. Maradufu ya kidogo bado ni kidogo, na wengi wanaosaidiwa watarudi kuvuta, watahitaji kusaidiwa tena, na pengine tena. Wala msaada haumwondolei mtu jukumu. Soja bado atalazimika kupita kioski ile kila jioni na kutosimama, na hakuna anayeweza kumpitia. Anayetembea na magongo anatembea. Ila magongo hayaoti kwa miguu ya mtu, lazima mwingine ayatengeneze na kumpa.

Na haraka ipo, hasa kwetu sisi tulio kwenye miaka ya ishirini. Utafiti umeonyesha kwamba anayeacha kabla ya miaka 40 huepuka karibu asilimia 90 ya hatari ya ziada ya kufa inayoletwa na kuendelea kuvuta. Dirisha liko wazi, lakini halitakaa wazi milele.

Wakenya tunajua kuchanga. Mtu akilazwa na saratani ya mapafu, grupu la WhatsApp linafunguliwa usiku huo huo, mweka hazina anachaguliwa, majina yanaorodheshwa na kiasi mbele yake. Akifa tunaongeza, kwa sababu ya jeneza na basi la kwenda ushago. Sijawahi kuongezwa kwa grupu la kumnunulia mtu plasta za wiki 12. Simu ya NACADA, 1192, ni ya bure, na mtu anaweza kuanzia hapo. Lakini siku mtu wako akikwambia anataka kuacha, usimpe methali. Muulize anaanza lini, ulizia bei, na lile grupu ulifungue mapema.