Yatima na Neno la Ajabu

Mwaka 1940 magazeti ya picha ya Marekani yalianza kusimulia habari za Billy Batson, mtoto yatima. Amu yake alimfukuza apate kula mali aliyoachiwa na baba yake; mtoto akawa akiuza magazeti na kulala katika kituo cha treni. Ndipo mchawi mzee akampa neno, "Shazam": akilitamka, radi hupiga, naye hugeuka mtu mzima mwenye nguvu za ajabu. Mwaka 2019 habari hizo zilitiwa katika sinema.

Watoto huzifurahia, wala hatuwakatazi. Lakini sisi wazazi na tumtazame yule amu. Je, kwetu hayupo? Mayatima wangapi hunyang'anywa shamba kabla matanga hayajaondolewa? Hao nao hugeuka watu wazima kabla ya wakati, bila radi wala nguvu: huchukua mizigo sokoni, hulea wadogo zao.

Mtume Yakobo, akieleza dini ya kweli, aliwataja mayatima na wajane. Basi, ndugu wasomaji, yatima hahitaji neno la uchawi. Ahitaji kuambiwa mlangoni petu, "Ingia, mwanangu," na urithi wake ulindwe hata atakapokua.